Daktari, nifanyeje ili wasiwasi huu uishe kabisa?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 34, mama wa watoto wawili, nipo Morogoro. Nina kibanda cha uwakala wa pesa za simu, na mume wangu ni dereva wa lori, safari zake ni Dar na Tunduma. Huu ni zaidi ya mwezi wa nne naamka saa tisa usiku moyo unakwenda mbio, vidole vimekufa ganzi, nahisi kuna jambo baya limeshatokea. Nawaza marejesho ya mkopo, nawaza ada ya mtoto, namwaza mume akiwa kwenye kona za mlima Kitonga. Nampigia mpaka apokee. Mchana narudia kuhesabu floti, yaani salio la uwakala kwenye simu, na kesh hata mara sita. Hospitali wamenipima presha, sukari na moyo, wakasema ni mzima, nipunguze mawazo. Jirani alinipa vidonge vya diazepam, nimemeza usiku mara chache nikalala. Kanisani wananiambia imani yangu ni ndogo. Nifanyeje ili wasiwasi huu uishe kabisa?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nashukuru umeeleza bila kuficha, hasa hilo la vidonge vya jirani, kwa sababu wengi hawalitaji hata wakiwa wamekaa mbele ya daktari. Nitalifikia.

Nianze na hicho unachokiomba. Sitakuahidi kwamba wasiwasi utaisha kabisa, na sidhani ungefaidika ukiisha. Mama anayeshika pesa za watu kutwa nzima, mwenye mkopo na mume aliye barabarani, akikosa wasiwasi hata chembe, matapeli wangemmaliza ndani ya wiki moja. Wasiwasi kuja ni kawaida. Kinachokutesa ni kwamba kila ukija unaacha shughuli zako na kuutumikia: unapiga simu, unahesabu upya, unameza kidonge. Na kadiri unavyotumikiwa ndivyo unavyorudi ukidai zaidi. Hapo ndipo penye kazi yetu.

Kwanza uelewe kinachotokea mwilini ile saa tisa usiku, maana usipokielewa utaendelea kudhani unakufa. Ubongo ukihisi hatari, iwe umeiona kwa macho au umeiwaza tu kitandani, unazipa amri tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo, nazo zinamwaga adrenalini kwenye damu. Mtaalamu wa Marekani, Walter Cannon, aliieleza hali hii mwaka 1915: mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Moyo unaongeza kasi ili damu iwahi kwenye misuli, jasho linatoka, tumbo linavurugika, pumzi inakwenda haraka. Ungekuwa unakimbizwa na mbwa, yote hayo yangekusaidia. Lakini wewe umelala chali, hukimbii popote. Ukihema haraka hivyo bila kufanya kazi yoyote, unatoa kabonidioksaidi nyingi kuliko mwili unavyoizalisha. Ikipungua kwenye damu, ncha za vidole na midomo hufa ganzi, kichwa kinakuwa chepesi, kifua kinabana. Hapo mtu anadhani hewa haimtoshi, anavuta kwa nguvu zaidi, na ganzi inaongezeka. Kwa hiyo ile ganzi inayokutisha haimaanishi kwamba moyo umeshindwa kazi. Inatokana na pumzi, na ukiacha kuvuta hewa kwa pupa inaondoka yenyewe.

Hospitali walifanya vizuri kukupima, ila kwa jinsi ulivyoandika sijaona kama walipima damu kuangalia mambo mengine mawili. Ukirudi, waombe waangalie wingi wa damu na pia homoni za tezi ya shingo, ile inayohusishwa na goita. Tezi hiyo ikifanya kazi kupita kiasi moyo hukimbia, mikono hutetemeka, mtu hupungua uzito ingawa anakula vizuri. Upungufu wa damu nao huharakisha mapigo ya moyo, na kwa akina mama wanaopata hedhi nzito si jambo la nadra. Vipimo vikitoka safi, funga mlango wa vipimo. Usianze kuzunguka zahanati hadi zahanati kutafuta atakayekwambia tena kwamba u mzima, maana hilo nalo ni kuutumikia wasiwasi.

Sasa Kitonga. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ukipaweza hapa, sehemu kubwa iliyobaki itafuata.

Mumeo yuko njiani. Unawaza zile kona, unawaza breki za lori. Kifua kinabana. Unapiga, haipatikani. Unapiga tena, inaita, hapokei. Mara ya nne anapokea, anasema yuko salama, na mwili wako wote unalegea. Raha ile ni ya kweli, wala sikulaumu kwa kuitafuta. Lakini tazama ubongo wako umejifunza nini katika dakika hizo. Haukujifunza kwamba mume huwa anapita Kitonga salama. Umejifunza kwamba uliokoka kwa sababu ulipiga. Kwa hiyo kesho ubongo utapiga kelele mapema zaidi, nawe utapiga simu mapema zaidi, na ule utulivu uliokuwa unadumu hadi jioni utadumu nusu saa. Nina hakika ukikumbuka mwezi wa kwanza ulikuwa unapiga simu chache kuliko sasa. Na kuna jambo jingine ambalo ni lazima lisemwe wazi: dereva wa lori anayehangaika na simu akiwa kwenye kona za mlima yupo kwenye hatari kubwa kuliko asiyepigiwa. Simu yako ya kumlinda inamwondolea macho barabarani.

Kaeni chini, mkubaliane mawasiliano mawili kwa siku. Asubuhi kabla hajawasha gari, meseji. Jioni akishapaki, simu, mzungumze vizuri, asalimiane na watoto. Nimeziweka mbali na Kitonga kwa makusudi. Mkikubaliana kwamba atapiga Ruaha Mbuyuni kabla ya kupanda, na tena akishafika Ilula, utakaa na saa mkononi ukihesabu dakika za katikati, na akichelewa kwa sababu amesimama kununua vitunguu utakuwa umeshamzika moyoni. Likitokea la dharura nyumbani, mtoto kuumwa kwa mfano, piga muda wowote. Dharura ni jambo lililotokea kweli, na kulihisi tu hakulifanyi kuwa dharura.

Katikati ya mawasiliano hayo mawili wasiwasi utapanda, tena siku za mwanzo utapanda kuliko ulivyozoea. Tegemea hilo. Usijaribu kuuzima, na usiukimbie kwa njia ya uchochoroni: kufungua WhatsApp kuona alionekana mara ya mwisho saa ngapi, kumpigia tanboi wake, kuingia kwenye makundi kutafuta picha za ajali. Vyote hivyo ni simu ileile kwa jina jingine. Chukua daftari, andika saa na namba kuanzia sifuri hadi kumi inayoonyesha umepanda kiasi gani. Andika, mathalani, "saa nane mchana, nane." Kisha rudi kwa mteja aliye dirishani, mhudumie huku moyo ukiendelea kwenda mbio. Baada ya muda andika tena. Kuna siku utashuka upesi, kuna siku utachukua zaidi ya saa nzima, lakini mwili hauwezi kukaa kwenye kumi siku nzima. Ukishuka bila wewe kupiga simu, ndipo ubongo unapata somo ambalo hakuna daktari anayeweza kukupa kwa maneno: nilihofu, sikufanya kitu, na ikapita.

Wasiwasi wa namna hii ni mlinzi wa geti anayepuliza filimbi kila paka akipita. Humfukuzi kazi, maana siku mwizi akija utamhitaji. Lakini huwezi kutoka na panga kila akipuliza. Unasikia, unajisemea "nimesikia," unaendelea kulala.

Kwenye kibanda mambo yanatofautiana kidogo, kwa kuwa kuhesabu pesa ni sehemu ya kazi yako. Wakala asiyekagua salio anaibiwa. Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" unazifahamu, na zile za uongo zinazofanana na za muamala wa kweli pia. Kwa hiyo tenganisha kukagua kwa kazi na kukagua kwa hofu. Kabla hujamkabidhi mtu kesh, angalia salio lako mwenyewe kwenye menyu, usiangalie meseji. Hiyo ni kazi, fanya kila mara bila kuona haya. Floti na kesh kwa ujumla hesabu ukifungua na ukifunga, na ukitaka mara moja mchana, andika kwenye daftari, weka sahihi yako. Ukishasaini, ile hamu ya kuhesabu tena kwa sababu "labda nimekosea" iache ikusumbue bila kuitii. Jipime hivi: ukihesabu kwa sababu kuna jambo jipya, mteja kalalamika au muamala umekwama, hesabu. Hakuna jipya, ila kifua tu kimebana, acha.

Marejesho ni habari nyingine, na hapa sitaki mtu akudanganye. Wasiwasi wa deni hauponi kwa kuvuta pumzi. Mwenye deni ana haki ya kuliwaza, na anayekwambia "punguza mawazo" bila kugusa deni lenyewe amekupa nusu ya jibu. Kule Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na watu waliozidiwa na mawazo. Kazi ya bibi hao ilikuwa kumsikiliza mtu amwage yote, wachague pamoja tatizo moja, kisha watafute hatua moja inayowezekana wiki hiyo, na akirudi waangalie imefikia wapi. Matokeo ya utafiti wao yalichapishwa mwaka 2016, na waliokaa kwenye benchi walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Utaratibu huo umefika hadi Zanzibar. Naupenda kwa sababu haumwambii maskini kwamba shida zake zipo kichwani tu.

Basi tufanye hivyo. Chagua muda mmoja wa jioni, tuseme saa kumi na moja ukishafunga hesabu, nusu saa tu, na usiwe kitandani. Mtafiti wa Marekani, Thomas Borkovec, na wenzake waliupima utaratibu huu mwaka 1983 kwa watu waliokuwa na wasiwasi wa kudumu: waliowekewa nusu saa maalumu ya kuwaza kila siku, mahali palepale, walipunguza muda wa kuwaza siku nzima. Katika nusu saa hiyo andika kila kinachokuzonga. Mbele ya kila kimoja jiulize: wiki hii kuna kitu naweza kukifanya kwa mkono wangu? Kwa marejesho kipo. Andika unadaiwa na nani, kiasi gani, tarehe gani. Ukiona tarehe haitafikiwa, nenda kwa afisa mikopo kabla ya siku yenyewe, maana anayekwenda kabla anapata nafasi ya kuomba kupangiwa upya, na anayezima simu anafuatwa nyumbani. Na tafadhali usichukue mkopo wa kausha damu kulipia mwingine. Najua unapatikana siku hiyohiyo, ndiyo maana unakamata watu. Ada nayo: kaone shule uombe kulipa kwa awamu, kabla mtoto hajarudishwa nyumbani.

Kisichokuwa na la kufanywa kwa mkono wako, kama vile "je, akipata ajali?", kiandike kisha kiache pale kwenye karatasi. Kikija asubuhi au usiku, kiambie moyoni: zamu yako saa kumi na moja. Siyo kukikatalia. Mwaka 1987 Daniel Wegner, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe, na kila akiwajia akilini wagonge kengele. Walishindwa, wakagonga na kugonga. Ndiyo sababu "usiwaze" ya majirani haijawahi kukusaidia. Kuliahirisha wazo kunawezekana, kulikataza hakuwezekani.

Turudi kwenye ile saa tisa ya usiku. Ukiamka usiangalie saa, na simu ilale chumba kingine kama una njia nyingine ya kuamkia. Weka mkono tumboni, vuta pumzi kwa puani ukihesabu nne, itoe polepole ukihesabu sita. Hapo unahema kama mara sita kwa dakika, na ganzi ya vidole itaanza kulegea. Ila usipumue hivyo kwa lengo la kuufukuza wasiwasi, ukichungulia kila dakika kama umeondoka. Pumua kwa ajili ya mwili, wasiwasi uache ukae ukipenda. Ukiona usingizi haurudi, ondoka kitandani, kaa sebuleni kwenye mwanga hafifu, kunja nguo au soma kitu kisichokuchangamsha, rudi kope zikiwa nzito. Kitanda kisigeuke ofisi ya mawazo.

Hukusema unakunywa nini, lakini mawakala wengi husukuma siku kwa chai ya rangi nzito na vinywaji vya kuongeza nguvu vya kopo. Kafeini huchukua takriban saa tano kupungua nusu tu mwilini, kwa wengine zaidi. Kopo la saa kumi na mbili jioni bado lina kazi ndani yako usiku wa manane, na kazi yake ni kukimbiza moyo. Baada ya saa sita mchana achana nayo, uone wiki mbili zinasemaje.

Vidonge. Diazepam inatuliza kweli, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa kuwa mwili huizoea ndani ya wiki chache tu za kumeza kila siku, kisha kipimo cha jana hakitoshi leo. Ni hatari zaidi ikichanganywa na pombe au dawa kali za maumivu, kwa sababu vyote kwa pamoja hupunguza upumuaji. Kwa kuwa umemeza mara chache, acha sasa na uvipeleke vilivyobaki duka la dawa au hospitali. Lakini kama katika kuandika ulipunguza hesabu, na ukweli ni kwamba umemeza kila usiku kwa wiki kadhaa, usikate ghafla, kwani kukata ghafla kunaweza kuleta hata degedege. Nenda kwa daktari akupunguzie hatua kwa hatua. Hatakugombeza, na akikugombeza tafuta mwingine.

Kuhusu imani, mimi si mchungaji, ila nimekaa na waumini wengi wenye mzigo huu, Wakristo na Waislamu, na sijaona kwamba wana imani haba. Adrenalini haiulizi dini ya mtu. Sali kama ulivyozoea, na kama kuna mama wa jumuiya unayemwamini, mweleze, kwa sababu kubeba peke yako kunachosha. Jambo moja tu uliangalie: ukijikuta unarudia sala ileile mara nyingi kwa hofu kwamba mume atapata ajali kwa sababu uliruka neno, hapo wasiwasi umeingia na kanisani. Sali mara moja, useme amina, usimame.

Mwisho, lazima ujue mstari uko wapi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na wasiwasi uliofikia kiwango cha ugonjwa, kwa hiyo ukikutwa miongoni mwao hutakuwa kioja. Dalili ni wasiwasi wa siku nyingi kuliko siku za nafuu kwa miezi kadhaa, usingizi kuharibika, misuli kukaza, hasira za karibu, na kazi au malezi kuanza kuyumba. Wewe una zaidi ya miezi minne na usiku umeharibika, kwa hiyo sikushauri ujitibu kwa jibu hili peke yake. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa hapo Morogoro, uulize kliniki ya afya ya akili. Najua ukitaja neno hilo mtaani watu wanasema "Milembe," ile hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, na wengi wamekaa na mateso yao miaka kwa kuliogopa jina hilo. Kliniki hiyo unaingia unazungumza na mtu, unarudi nyumbani kupika. Yapo mazungumzo ya tiba yanayofuata njia hii niliyokueleza, na zipo dawa zisizoleta uraibu kama wa diazepam, ambazo huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Lakini likikujia wazo la kutaka kufa au kujidhuru, usisubiri kliniki. Mwamshe mtu, mwende hospitali saa hiyohiyo.

Usianze yote kwa pamoja. Wiki hii zungumza na mumeo kuhusu mawasiliano mawili, na ile nusu saa ya jioni iwepo. Floti anza nayo ukishaona simu zimepungua. Daftari la zile namba usilitupe. Siku ya kliniki nenda nalo, litamweleza daktari mengi ambayo wewe utayasahau ukishakaa kwenye kiti.